Baada ya toba ya Jumapili, Jumatatu kanisa liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Katika makanisa mengi ya Nakuru, Kisumu na kaunti za Magharibi, wito wa toba hutolewa karibu kila Jumapili. Watu huinuka, hupita mbele, hulia, huombewa, kisha kwaya huimba na ibada ikaisha. Jumatatu saa 11 jioni, saa ambayo sheria ya vileo ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufunguliwa siku za kazi, yule aliyelia jana yuko peke yake barabarani na mfukoni ana pesa za kutwa.

Sisi tunaohudumu katika ushauri wa watu waliotekwa na pombe, kamari na picha chafu tunaamini kwamba toba ile ya Jumapili ni ya kweli. Tunachokilaumu ni kanisa kuishia hapo. Bwana Yesu alipomwita Lazaro, Lazaro alitoka kaburini akiwa hai, ila bado amefungwa sanda mikono na miguu. Aliyemfufua angeweza kuziondoa sanda kwa neno lile lile, lakini aliwageukia waliosimama pale akawaambia, "Mfungueni, mkamwache aende zake" (Yohana 11:44). Kufufua ni kazi ya Bwana peke yake, na kufungua sanda amewakabidhi waliosimama karibu. Kazi hiyo ina namna yake, ina siku zake za hatari, na ikifanywa ovyo inaweza kumuua mtu.

Tuanze na hilo la kuua, kwa sababu ndilo wachungaji wengi hawaambiwi. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi, ambaye haamki bila kikombe cha kuzimua ili mikono itulie, asiachishwe pombe ghafla ndani ya chumba cha maombi. Ubongo wake umejizoesha kufanya kazi huku pombe ikiutuliza. Pombe ikikatwa ghafla, ubongo huchachamaa kupita kiasi. Ndani ya siku ya kwanza huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na usingizi kukataa kabisa. Degedege za kukata pombe nyingi hutokea ndani ya saa 48 za kwanza, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huwaka homa, huona wadudu wakitambaa ukutani, husikia sauti za watu wasiokuwepo. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Sasa fikirieni mtu huyo yuko kwenye kesha, amezungukwa na waombaji, anatetemeka na kuwataja watu wasioonekana. Watasema pepo limejidhihirisha. Watamshika, watamkemea, watamzidishia mfungo. Mfungo ndio unaoongeza hatari, kwa kuwa mlevi wa miaka mingi huwa amepungukiwa na vitamini B1, na ikikosekana zaidi ubongo unaweza kuharibika na kumbukumbu kupotea moja kwa moja. Hospitalini hupewa vitamini hiyo mapema, pamoja na dawa za kutuliza ubongo zinazopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hiyo ni tiba ya kawaida, na inapatikana katika hospitali za rufaa kama ile ya kaunti ya Nakuru, ile ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, na Moi kule Eldoret. Simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192; haitozwi pesa na hupokelewa na washauri watakaokuelekeza.

Kwa hiyo mchungaji akipokea mtu aliyetubu ulevi, kabla ya kumwekea mikono amuulize maneno matatu: Unakunywa kila siku? Unahitaji kunywa asubuhi ili usitetemeke? Umewahi kuanguka au kuchanganyikiwa ulipojaribu kuacha? Jibu likiwa ndiyo kwa la pili au la tatu, maombi yafanyike na safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo, mzee mmoja wa kanisa akiandamana naye. Isaya alipomletea Hezekia ahadi ya Mungu ya kumponya aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Hatujaona mahali Maandiko yanapomlaumu kwa upungufu wa imani.

Tena kuna chang'aa iliyotiwa methanoli, kemikali yenye sumu. Dalili zake zinaweza kuchelewa hata siku nzima, ndiyo maana mtu hulala akidhani amepona ulevi wa jana: macho kuona ukungu, kichwa kuuma vibaya, tumbo kusokota, kuhema haraka haraka. Hapo hakuna maziwa wala maji ya ndimu yatakayosaidia. Apelekwe hospitali wakati huo huo, maana macho yanaweza kupofuka, na kila saa inayopita huongeza hatari.

Anayekunywa mwisho wa wiki tu, au ambaye mwili wake hautetemeki akikosa, anaweza kuacha akiwa nyumbani. Vita yake ni ya aina nyingine, na huko ndiko anakokutana na wacheza kamari na watazamaji wa picha chafu. Wote watatu wana saa na njia. Dhambi ya mazoea haimvamii mtu popote pale. Huja saa zile zile, kwa njia ile ile, mara nyingi pamoja na watu wale wale. Kazi ya kwanza ni kuzijua. Achukue daftari la kawaida la shule, na kwa wiki 2 aandike kila tamaa inapomjia, awe ameanguka au hajaanguka: saa ngapi, wapi, alikuwa na nani, alikuwa na shilingi ngapi, alikuwa amekula, alikuwa amelala vizuri usiku, nani alikuwa amemuudhi. Asiandike maelezo ya kujilaumu, aandike mambo hayo tu. Mwisho wa wiki ya pili, akae na mshauri wake wasome pamoja. Karibu kila mara mambo manne yatajirudia humo, yaani njaa, hasira, upweke na uchovu, na la tano ni pesa mkononi.

Eliya alipokimbilia jangwani akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena (1 Wafalme 19:5-8). Neno la Mungu lilimfikia baadaye, akiwa ameshiba na amepumzika. Mwendesha bodaboda wa Kondele ambaye hajala tangu asubuhi, akapata abiria mmoja tu wa maana jioni kisha akakemewa na mwenye pikipiki, anahitaji sahani ya ugali na mboga saa 10 alasiri kuliko anavyohitaji ratiba ya mfungo wa siku 21. Tunasema hivi tukiheshimu mfungo. Ila kwa mtu aliye katika mwezi wa kwanza wa kuacha, chakula kwa wakati na usingizi wa saa 7 au 8 ni sehemu ya vita vya kiroho.

Tamaa yenyewe hupanda, hufika kileleni, hushuka. Mara nyingi haizidi nusu saa mtu asipoilisha. Wengi hawajui hilo. Hudhani itaendelea kukaza hadi wapasuke, wakajisalimisha dakika ya 10. Basi kila mmoja awe na mpango wa nusu saa uliokwisha kuandikwa kabla: atoke mahali alipo, ampigie simu mtu wake, anywe maji au uji, asome kwa sauti kifungu kimoja alichochagua. Tunapendelea 1 Wakorintho 10:13, kwa kuwa kinasema Mungu atafanya "mlango wa kutokea", na mlango hutumiwa kwa miguu. Ombi liwe fupi. "Bwana Yesu, nishike sasa" latosha. Anayejilazimisha kuomba saa nzima wakati tamaa iko kileleni, akiwa amejifungia peke yake chumbani na simu, amejiweka mahali pabaya hata kama nia yake ni njema.

Tukija kwenye maungamo, hapa ndipo makanisa yetu yana urithi mkubwa ambao yameuacha upotee. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda hadi kwetu, uliwafundisha ndugu kutembea nuruni: kukutana kila wiki, kila mmoja akasema dhambi yake kwa jina, akaombewa, akarudi nyumbani bila kuinamisha kichwa. Wazee wachache wa ushirika huo bado wako, na wanastahili kuulizwa walivyokuwa wakifanya kabla hawajaondoka. "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16). Tunaloonya ni kuungama mbele ya kanisa zima katika mtaa ambao kila mtu anamjua mwenzake. Mama aliyesimama Jumapili Kaptembwa akakiri ulevi, Jumanne habari zake ziko sokoni, na Ijumaa ana sababu mpya ya kunywa.

Achague mtu mmoja au wawili. Wawe wa jinsia moja naye, wakomavu, wasiomdai pesa wala kudaiwa naye, wasio jamaa wa karibu wa mke au mume wake, na ambao wameonekana kwa miaka kwamba hawatoi siri. Kwa Wakatoliki kitubio kipo na padre amefungwa na siri ya kitubio. Hata hivyo awepo pia mtu wa kumpigia simu saa 2 usiku. Mwezi wa kwanza waonane au wazungumze kila siku, mwezi wa pili na wa tatu mara 2 kwa wiki, baada ya hapo mara moja kwa wiki hadi mwaka uishe.

Na maswali yawe maswali. Tumesikia mazungumzo mengi ya namna hii: "Ndugu, unaendeleaje?" "Bwana asifiwe, mzee, tunasonga na neema." Yakaishia hapo, na mmoja wao alikuwa ameanguka mara mbili wiki hiyo. Mzee aulize hivi: "Tangu tuongee Jumatano, umekunywa? Umeweka mkeka wa kamari? Lini, wapi, kwa pesa kiasi gani, na zilitoka wapi? Ulipatwa na tamaa lini ukashinda, na ulifanya nini? Kuna jambo umenificha katika haya uliyonijibu?" Hilo la mwisho lisiachwe kamwe. Mara nyingi jibu la kweli huja hapo, baada ya kimya. Na likija, mzee asishtuke wala asianze kuhubiri. "Mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole" (Wagalatia 6:1). Anayeungamiwa akionyesha kuudhika, hataungamiwa tena.

Kamari inataka sura yake, Mhariri, kwa sababu imeingia kwenye viti vya kanisa kwa kasi kuliko pombe ilivyowahi kuingia, na haina harufu. Mtu anaweza kubeti akiwa kwenye ibada, simu ikiwa ndani ya Biblia. Vijana husema wanacheza jackpot ili watoke kwenye umaskini. Basi wapigiwe hesabu. Jackpot ya mechi 17 ina matokeo matatu kwa kila mechi: wenyeji washinde, sare, wageni washinde. Tatu mara tatu hadi zitimie mechi 17 ni mikeka 129,140,163 iliyo tofauti. Wakenya waliohesabiwa mwaka 2019 hawakufika milioni 48. Hata kila mmoja wao, pamoja na mtoto mchanga, angejaza mikeka miwili isiyofanana, bado mikeka zaidi ya milioni 30 ingebaki bila kujazwa. Anayeujua mpira ataondoa kubahatisha kidogo, lakini kampuni nayo inaujua mpira, na ndiyo inayopanga malipo. Michezo ile ya ndege inayopaa ni mibaya zaidi, kwa kuwa raundi huisha kwa sekunde chache na mtu huweka dau jingine kabla hajawaza.

Kinachomfunga mcheza kamari ni mambo mawili: ule ushindi mkubwa wa mara moja asiousahau, na hamu ya kurudisha alichopoteza. Kwa hiyo hatua zake zianzie kwenye simu na pesa. Afute programu zote za kubeti. Aiandikie kila kampuni yenye akaunti yake aombe afungiwe, na achague muda mrefu kuliko yote inayotolewa. Azuie jumbe za matangazo. Alipe deni la Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, lililopo kisha ajitoe kabisa, kwa maana Fuliza humwezesha kubeti pesa ambazo hana, na mshahara ukiingia deni hukatwa kwanza hata kabla hajanunua unga. Programu za mikopo ya haraka nazo zifutwe. Mshahara au malipo ya miwa yaende kwenye Sacco au akaunti ambayo hawezi kutoa pesa peke yake, na abaki na pesa taslimu za siku moja tu mfukoni. Mke au mama akikabidhiwa pesa, wakubaliane kiasi na siku mbele ya mshauri, la sivyo kila jioni itakuwa ugomvi wa kuomba nauli, na ugomvi humrudisha kwenye mkeka.

Kisha madeni yaandikwe yote kwenye karatasi moja, hata lile la shilingi 200 la mama mboga. Watu huficha moja au mawili makubwa kwa aibu, na hilo lililofichwa ndilo litakalomrudisha. Amwendee kila anayemdai, amwambie ukweli, aahidi kiasi kidogo anachoweza kukilipa kila wiki. Aanze na madeni madogo ili yaishe aone njia. Asikope kulipa mkopo. Kanisa nalo lisikimbilie kuchanga na kulipa deni lote kwa mkupuo. Tunajua, ni huruma. Lakini mtu aliyelipiwa deni lote wiki ya pili ya kuacha amefunguliwa upya milango ya kukopa, na tabia bado haijabadilika. Bora kanisa limpe chakula na kodi ya nyumba ya mwezi mmoja, deni alilipe mwenyewe.

Na tuseme hili bila kuficha: mtumishi anayeombea mikeka, au anayepokea fungu la kumi la ushindi wa kamari huku akijua lilikotoka, amefunga sanda ambayo Bwana aliagiza ifunguliwe. Vivyo hivyo anayeuza mafuta na maji ya upako ili "roho ya ulevi" itoke kwa malipo. Neema ilitolewa bure. Mlevi aliyelipa akirudi kunywa wiki ijayo, ataambiwa imani yake ilipungua au mbegu aliyopanda ilikuwa ndogo, na ataamini kwamba Mungu amemkataa.

Kuhusu picha chafu tutasema machache, kwa kuwa dawa yake inajulikana na haifuatwi. Simu isilale chumbani. Saa 3 usiku iwekwe sebuleni kwenye chaji, na anunue saa ya mezani ya kumwamsha, ili asipate kisingizio. Aache kununua bando za usiku. Aliyeoa asimwage kila kitu kwa mkewe usiku wa manane akitafuta kutua mzigo. Mke ataumia vibaya na hatakuwa na wa kumwambia. Amwambie, ndiyo, lakini akiwepo mshauri, na mke awe na mama mmoja wa kanisa wa kumsimamia. "Msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake" (Warumi 13:14): mtume anazungumzia maandalizi, na maandalizi ya dhambi hii ni chumba, giza, bando na mlango uliofungwa.

Yote hayo ni kufunga milango. Nyumba iliyofungwa milango ikabaki tupu, Bwana alisema mwisho wake: yule pepo hurudi, "aiona tupu, imefagiwa na kupambwa", akaleta wenzake saba (Mathayo 12:43-45). Paulo alimwambia mwibaji asiibe tena, na papo hapo akampa kazi ya mikono na mtu wa kugawia (Waefeso 4:28). Mzee wa Bungoma au Busia anayeacha busaa anaacha pia kiti chake kwenye chungu, pale wenzake wa rika wanapoketi na mirija mirefu wakijadili mashamba na mahari. Akija kanisani akawekwa nyuma peke yake, atarudi kwenye chungu kwa kuwakosa watu, hata kama pombe haitaki. Wazee wa kanisa wawe na kikao chao cha alasiri, chai iwepo, na yeye aulizwe maoni yake kuhusu mashamba na mahari. Mwendesha bodaboda ambaye steji yake iko mlangoni pa baa asaidiwe kuhamia steji nyingine, ikiwa ni pamoja na ada ya kujiunga. Mama pima, yaani muuza pombe ya kienyeji, aliyeokoka amepoteza siku hiyo hiyo karo ya watoto wake. Kanisa lililomshangilia akimwaga pipa lina wajibu wa kuwa wateja wake wa kwanza akianza kuuza mandazi au omena, na wanunue kwa pesa taslimu, wasikope.

Apewe kazi kanisani, lakini kwa kupima. Kupanga viti, kupika, kufagia, kuimba. Asipewe kushika sadaka mwaka wa kwanza, hasa akiwa alikuwa mcheza kamari. Ni kumjaribu bila sababu. Wala asipandishwe madhabahuni wiki ya pili kutoa ushuhuda. Hili limewaangusha wengi sana. Akishatangaza mbele ya watu 400 kwamba ameshinda, siku akiteleza hana pa kuja kusema. Angojee mwaka mmoja. Ushuhuda hautaharibika.

Matanga yanahitaji mpango wake. Kwetu msiba hukaa siku kadhaa, na usiku wa disko matanga pombe na kamari za karata huwa uwanjani. Kutokwenda si jambo la kupendekeza, maana kumzika mtu wako ni heshima. Aende mchana, mchango wake aupeleke mapema kupitia kwa mwingine ili asikae na pesa, aandamane na ndugu mmoja anayejua hali yake, waondoke wote wawili kabla jua halijatua. Vivyo hivyo Desemba, siku za bonasi ya majani chai, na siku miwa inapolipwa. Wiki za kwanza ni ngumu, lakini angalieni pia mwezi wa tatu au wa nne, wakati mwili umepona, uso umenawiri, na mtu anaanza kusema glasi moja haitadhuru.

Akianguka, awe ameambiwa mapema la kufanya, siku alipokuwa mzima. Ampigie mtu wake ndani ya saa 24, hata akiwa bado ananuka. Wasimalize usiku huo kwa maswali, ale, alale. Kesho yake wafungue daftari, watafute ni saa ngapi mambo yalianza kwenda mrama. Mara nyingi ni siku 2 au 3 kabla, alipoacha kupokea simu au alipoficha pesa kidogo. Mlango huo ufungwe, na kesho aendelee alipokuwa, kwa sababu aliyeanguka siku moja katika siku 90 ameishi siku 89 huru na hazijafutwa. "Mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena" (Mithali 24:16). Petro alimkana Bwana mara tatu akalia, akabaki karibu na wenzake; Yuda alijuta akaenda peke yake. Mtu akitaja kujiua baada ya kuanguka, asiachwe peke yake hata dakika moja, na simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Halmashauri za makanisa zinapokaa kupanga bajeti, tunaziomba ziweke fungu dogo kando ya lile la vipaza sauti na mahema. Liwe na nauli ya watu wawili kwenda hospitali ya rufaa na kurudi, vocha ya simu ya wazee wawili na akina mama wawili watakaochaguliwa kwa kazi hii, unga wa uji, madaftari, na saa za mezani chache. Majina ya hao wanne yasomwe wakati wa matangazo, ili anayepita mbele Jumapili ajue atampigia nani Jumatatu kabla ya saa 11.

Wenu katika Kristo,
Wahudumu wa ushauri,
Nakuru